Meli ikifunga gati Kilindini asubuhi, ule nini Mombasa kabla haijaondoka?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, naishi Toronto. Mwezi Januari tutapita Mombasa kwa meli ya watalii: mimi, mume wangu na mama yake. Meli inafika saa moja asubuhi na tunatakiwa tuwe tumerudi ndani saa kumi na moja jioni. Sijawahi kufika Mombasa, ila tangu utotoni nasikia sifa za mapishi ya huko. Meli inauza ziara ya chakula kwa bei inayoniuma. Je, tunaweza kuzunguka na kula wenyewe? Twende wapi? Mume wangu anakula chochote, lakini mama mkwe ana miaka 72, anaogopa pilipili na anaogopa tumbo kuchafuka."

Marahaba, mwanangu. Mnaweza, tena vizuri sana. Mji wa Kale uko kilomita chache tu kutoka gatini, lugha unayo, na chakula cha Mombasa hakijifichi: kinapikwa barazani, kinauzwa dirishani, kinawekwa kwenye meza ya mbao mbele ya mlango wa nyumba. Ila umeniuliza "twende wapi", na hilo ndilo swali la wageni wengi wa meli, ambao huzunguka mji mzima kisha wakarudi wakasema hawakuona kitu. Kwetu ungeanza kwa kuuliza "saa ngapi". Kila chakula hapa kina wakati wake. Ukipitwa nao hutakikuta, au utakikuta kimelala, na kilicholala usikile.

Nawatembeza wageni mjini kwa miaka mingi sasa, na kabla ya hapo nilikuwa nakaanga mahamri ya kuuza na mamangu Kibokoni, kwa hiyo haya nayasema kutoka pande zote mbili za meza.

Sababu ya kwanza ya hizi saa ni tui. Karibu kila chakula chetu cha maana kina nazi ndani, na tui halina subira. Januari mchana joto linapita nyuzi 30, na mchuzi wa nazi uliopikwa alfajiri ukiachwa mezani hadi adhuhuri unaanza kuchacha. Mpishi analijua hilo, kwa hiyo hupika chungu cha kuisha asubuhi. Sababu ya pili ni adhana. Majiko ya mchana yamepangwa kuizunguka swala ya adhuhuri, na ya jioni yanaanzia alasiri na kukolea magharibi. Ya tatu ni jua lenyewe, maana hakuna mtu na akili zake anayesimama mbele ya karai la mafuta saa nane mchana. Vya kukaangwa hutoka mapema sana au jioni. Hapo katikati ni wakati wa wali.

Basi msile kifungua kinywa melini. Hili nalikazania kuliko yote nitakayoyasema. Najua meza ya melini ni kubwa na imeshalipiwa, lakini mkishiba pale mtakuwa mmeitupa asubuhi ya Mombasa. Kunyweni chai moja, shukeni mara tu abiria wanaporuhusiwa, na mkitoka nje ya geti chukueni tuktuk. Patana bei kabla ya kupanda. Mwambie dereva Kibokoni, Mji wa Kale. Mtapita Moi Avenue chini ya zile pembe kubwa za ndovu za kuundwa ambazo mumeo atataka kupiga picha. Mwambie apige akiwa ndani ya tuktuk, picha nyingine atapiga baadaye. Mkifika kabla ya saa tatu mmefaulu. Saa nne vyungu vingi vinakuwa vimeanza kukwanguliwa.

Mnachokifuata ni mahamri na mbaazi za nazi. Usitafute jina kubwa ukutani. Tafuta mama amekaa kwenye kigoda, karai mbele yake, na watu wa mtaa wamesimama na vyombo vyao vya nyumbani mkononi. Mtu akija na bakuli lake mwenyewe, ujue chakula hicho kinaliwa na majirani kila siku, na majirani hawarudii chakula kibaya.

Simameni mwangalie, kwa sababu nusu ya utamu iko pale. Donge la unga limekandwa kwa tui zito, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, likaachwa liumuke. Mama anasukuma duara, anapitisha kisu mara mbili, anapata vipande vinne vyenye ncha. Anatia kimoja kwenye mafuta. Kinazama, kinatulia kidogo, kisha kinaibuka. Hapo ndipo mkono wa mpishi unapoonekana: anachota mafuta ya moto kwa kijiko kirefu na kuyamwagia juu ya hamri, haraka haraka, na hamri linavimba mbele ya macho yenu kama mto mdogo wenye pembe tatu. Akichelewa kumwagia, linabaki bapa. Nilipokuwa mdogo yale bapa yalikuwa fungu letu sisi watoto, maana hayauziki. Lipasue likiwa bado la moto: mvuke wa iliki unakupiga usoni, na ndani ni tupu. Ule uwazi ndio mahali pa kutilia mbaazi.

Kwenu Bukoba mnajua maandazi, na wenzetu wengine huyaita haya maandazi pia. Lakini andazi la bara mara nyingi hukandwa kwa maji au maziwa na ndani limejaa. Hamri bila tui si hamri. Mbaazi nazo zina adabu zake: hulowekwa usiku, huchemshwa mpaka zilainike kabisa, hupikwa na kitunguu, manjano na tui jepesi, na tui zito huja mwisho. Likishaingia tui zito moto hupunguzwa, kwa sababu chungu kikichemka kwa nguvu tui linakatika na mafuta yanaelea peke yake. Mkiletewa bakuli ambalo mchuzi wake ni laini, umeshikana, rangi ya manjano iliyopauka, mpishi alikuwa macho.

Sasa kuhusu mavyaa wako, yaani huyo mama mkwe, na pilipili. Katika mbaazi, wapishi wengi hutia pilipili mbichi nzima, hawaikati. Inatoa harufu, na maadamu haikupasuka mchuzi hauwaki. Mwambie anayepakua: "Huyu mzee mpakulie pasipo pilipili." Ataelewa na ataichagua kando kwa ncha ya upawa. Mzee wa watu akianza na mahamri mawili na chai ya maziwa, atakuwa na nguvu ya kutembea hadi mchana.

Neno moja juu ya lugha yetu, usije ukashtuka. Utasikia "wataka ngapi?" na si "unataka ngapi". Mtu akikuambia "ndoo", hazungumzii ndoo ya maji, anakuita: njoo. Barabara kuu ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu kwa mtindo huohuo, yaani Njia Kuu. Wewe jibu kwa Kiswahili chako cha Bukoba bila wasiwasi. Ukianza kwa salamu na kumwamkia mwenye meza kabla ya kuuliza bei, umeshakuwa mgeni wa nyumba.

Kuanzia hapo hadi saa tano tembeeni taratibu. Mji wa Kale ni mdogo na vichochoro vyake vina kivuli. Ila fanyeni jambo moja mapema: piteni kwenye mkahawa mtakaokula mchana mwagize samaki. Samaki wa kupaka wa kweli hachomwi kabla mteja hajasema, na kumchoma na kumpaka kunachukua muda. Ukiagiza saa saba ukiwa na njaa, utaletewa wa kukaanga aliyekuwa tayari na utaambiwa ndiye. Ukiagiza saa nne na kutaja saa ya kurudi, utapikiwa wako. Na hapohapo ndipo pa kusema "mmoja asiwe na pilipili", kwa sababu pilipili ya samaki wa kupaka imo ndani ya tui lenyewe na haiwezi kuchaguliwa kando kama ile ya mbaazi.

Kisha Marikiti, soko kuu lililoko Digo Road. Hapa mume wako atafurahi kuliko wote. Wauza viungo watawaita, watawanusisha, watawapa vipakiti vilivyoandikwa vizuri. Chukueni vizima, msichukue vya unga. Unga huwezi kujua ulisagwa lini wala umechanganywa na nini. Karafuu ikandamize kwa ukucha: nzuri hutoa alama ya mafuta, kavu iliyokwisha haitoi kitu. Iwe na kichwa chake. Iliki ipasue moja, uombe radhi kwanza. Mbegu ziwe nyeusi na zinanatanata, zikiwa za kijivu na zinamwagika kama mchanga mrudishie. Mdalasini uvunje unuse pale palipovunjika. Muuzaji mzuri haudhiki na haya, anafurahi kupata mteja anayejua.

Msitoke melini na mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na sheria ina faini kubwa. Bebeni mfuko wa kitambaa, au nunueni kikapu cha ukindu hapohapo sokoni. Na kabla ya kununua chochote cha kupeleka nyumbani, ulizeni melini wanaruhusu nini. Viungo vikavu vilivyofungwa mara nyingi havina tatizo, lakini matunda, nyama na chakula kilichopikwa kwa kawaida huzuiwa mlangoni. Kwa hiyo embe liliwe mjini. Januari ni msimu, na mkiona embe ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda kidogo, msilipite. Nunueni zima, mumenye wenyewe.

Dafu pia ni la wakati huu, jua linapoanza kuuma. Wewe wa Ziwa Nyanza huenda hukukua na minazi, basi nikueleze. Tunda la mnazi lina majina kwa umri: kidaka likiwa dogo kabisa, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Dafu ndilo la kunywa. Lakini ndani ya udafu wenyewe kuna tofauti: changa lina maji tu, lililokomaa kidogo lina utando mweupe laini ukutani ambao mnakwangua kwa kijiko kinachochongwa kutoka ganda lake lenyewe. Mwambie muuzaji, "Nipe la kunywa na kula." Atagonga mawili matatu kwa upande wa panga, atasikiliza, atachagua. Mavyaa wako alinywe moja kwa moja kutoka kifuuni, mbele ya macho yake likikatwa. Hakuna kinywaji kisafi zaidi mjini. Juisi ya miwa na maji ya ukwaju mimi nayapenda mno, lakini kwa mtu wa tumbo jepesi mwenye siku moja tu, barafu yake siwezi kumdhaminia.

Mkipenda, ingieni Fort Jesus mpate kivuli. Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa miaka karibu mitatu. Mtu anayetafuta chakula asiidharau ngome ile. Katika zama hizo za Wareno ndipo mazao ya Amerika yalipoanza kuingia pwani hii, muhogo, mahindi na pilipili yenyewe, ile ambayo leo tunadhani ilizaliwa hapa. Halua na kahawa chungu tumezishiriki na Waarabu wa Oman na Hadhramaut, na bajia, chapati na achari zimetoka Bara Hindi. Vyombo vya baharini vilikuja na upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, vikarudi na kusi. Ninyi pia mnakuja kaskazi ikivuma, na si bahati tupu: ndio wakati bahari imetulia, meli za watalii zinakuja kwa wingi, na wavuvi wetu wanatoka mbali zaidi wakirudi na samaki wazuri.

Hiyo ndiyo sababu nyingine nasema samaki mchana. Sahani zenu ziwe mbili za kushirikiana watu watatu: samaki wa kupaka na wali wa nazi, na biriani moja. Pilau iacheni. Pilau umekula harusini tangu utoto, na ya Mombasa ni tamu lakini utaitambua. Biriani ni jambo jingine kabisa. Pilau hupikwa mchele, nyama na viungo katika sufuria moja. Biriani yetu wali uko peke yake, umepigwa rangi ya zafarani, na nyama iko peke yake ndani ya rojo zito la mtindi, nyanya, tangawizi, saumu na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka vikawa vyekundu. Vitunguu hivyo ndivyo kipimo. Mpishi mvivu huvitoa mapema vikiwa bado laini na rojo lake linakuwa na utamu wa juujuu. Aliyevumilia hadi vikavunjika kwa vidole, rojo lake linakuwa jeusi kidogo na zito, na utajua tonge la kwanza. Kama siku yenu ni Ijumaa, mna bahati, ndiyo siku watu wengi mjini hula biriani au pilau. Ila mjue kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu hivi milango mingi itafungwa kwa ajili ya swala. Nendeni baada yake, msimlaumu mtu.

Samaki naye mwangalieni anapokuja. Changu au tafi mzima, amechanjwa ubavuni, amechomwa kwa makaa, halafu akapakwa tui zito lililopikwa na saumu, manjano na ndimu mpaka likawa kama uji mzito. Anarudishwa motoni, anapakwa tena, anarudishwa. Tui lile likipata moshi linafanya ngozi ya kahawia juu yake, na pembeni limeungua kidogo. Ile sehemu iliyoungua msimwachie paka. Kuleni kwa mkono, mwende nao hadi mfupa.

Kwa tumbo la mavyaa, kanuni zangu ni chache na sijawahi kuzijutia. Ale kilichotoka motoni mbele yake. Kachumbari aiache, kwa sababu nyanya na vitunguu vibichi vimeoshwa kwa maji usiyoyajua. Maji ya chupa iliyofungwa. Mbaazi asubuhi tu. Na asile kila kitu, aonje. Watu wengi ninaowaona wakiugua hawajalishwa chakula kibovu, wamekula vyakula vizito vya nazi mara nne juani bila kupumzika. Baada ya chakula cha mchana mtafutieni mahali penye feni akae nusu saa.

Sasa ile bei ya ziara ya meli. Siwezi kukuambia ni wizi, kwa sababu kuna kitu kimoja mnachonunua pale ambacho peke yenu hamna: ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, kwa kawaida meli inaisubiri. Ninyi mkichelewa peke yenu, itaondoka. Kwa hiyo mkienda wenyewe, uhuru huo mnaulipia kwa nidhamu ya saa. Mkitaka mtu wa kuwaongoza, chukueni mwongozaji mwenye kitambulisho cha kazi, mpatane bei na saa kabla, na mwambie tangu mwanzo kwamba mnataka kula wanakokula wenyeji.

Msivuke Likoni, yaani msipande feri ya kutoka kisiwani kwenda ng'ambo ya kusini. Nimeliona hili kwa macho yangu na bado linanitia joto. Kuna mume na mke niliowapokea mwaka mmoja, wakaambiwa na mtu njiani kwamba samaki wa kusini ni wazuri zaidi, wakapanda feri wakaenda. Samaki walikuwa wazuri. Kurudi, foleni ya magari kwenye feri ilikuwa imefika mbali. Wakashuka, wakakimbia kwa miguu na umati, wakavuka, wakapata bodaboda. Niliwasubiri kwenye geti nikitetemeka. Waliingia zikiwa zimebaki dakika chache, yule mama akilia. Kisiwani mna chakula cha kuwatosha siku kumi, kaeni kisiwani.

Na angalieni saa kwa maana mbili. Ya kwanza: kama mnatokea Shelisheli, wao wako mbele yetu kwa saa moja, na si kila meli hubadilisha saa zake bandarini. Ulizeni kama hiyo saa kumi na moja ni ya melini au ya Mombasa. Ya pili ni kuhusu mumeo. Akimwambia dereva kwa Kiingereza aje "saa tatu", anakusudia saa tisa alasiri yetu; dereva anaweza kusikia saa tatu ya Kiswahili na akaja usiku. Mipango yote ya saa iseme wewe, kwa Kiswahili, na umwombe dereva airudie.

Fedha: bebeni noti ndogo za shilingi ya Kenya, za 50, 100 na 200. Mama wa mahamri hana chenji ya elfu asubuhi saa mbili, na wenyeji wengi hulipa kwa M-Pesa ambayo ninyi wa siku moja hamtakuwa nayo.

Yapo mtakayoyakosa, na ni heri mjue mapema msipoteze muda kuyatafuta. Mishkaki ya makaa, viazi karai vilivyovishwa rojo la unga lenye rangi ya manjano na kumiminiwa ukwaju, mkate wa mayai unaokunjwa na nyama ya kusaga ndani, haya yote ni ya jioni na usiku. Muuza kahawa mwenye dele lake na vikombe vidogo anavyovigonganisha ili asikike, naye hupatikana zaidi baada ya alasiri, wazee wanapokaa barazani. Mtu akiwauzia viazi karai saa saba mchana, ni vya jana au vimepashwa. Na kwa msomaji mwingine ambaye meli yake itaangukia mwezi wa Ramadhani: mchana Mji wa Kale utaukuta kimya, mikahawa mingi imefungwa, na hayo mapishi yote yanatoka kuanzia magharibi. Kama meli yako inaondoka kabla ya hapo, piga simu mapema kwenye hoteli inayopokea wageni mchana, na barabarani usile wala usinywe hadharani. Ninyi wa Januari hili haliwahusu.

Saa nane na nusu nunueni halua. Ni wanga, sukari, samli na iliki, vinavyokorogwa juu ya moto kwa muda mrefu mpaka mkono uchoke, na inakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Iombeni iliyofungwa vizuri kwa ajili ya safari, muonje kwanza ya moto kama ipo.

Saa tisa chukueni tuktuk hadi Mama Ngina Drive, kule wenyeji wanakoita Lighthouse, kusini mwa kisiwa chini ya mibuyu. Haiko mbali na bandari. Hapo kuna muhogo wa kuchoma unaopasuliwa katikati na kupakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, na kachiri za muhogo zinazokaangwa nyembamba kama karatasi. Wa mavyaa ni ndimu na chumvi peke yake. Kaeni ukingoni muangalie mlango wa bahari: kila meli inayoingia na kutoka Kilindini inapita mbele yenu hapo, karibu kiasi cha kuona watu sitahani. Saa kumi kamili ondokeni, hata kama muhogo haujaisha. Magari hujazana upande wa feri watu wakitoka kazini, na ile saa moja iliyobaki mtaihitaji.

Jioni meli ikitoka, msiwe chumbani. Simameni sitahani upande wa kushoto, kwa maana ya anayetazama mbele ya meli. Mtapita Likoni kuliani, na kushotoni, chini ya mibuyu ileile, ndio kwanza makarai yanawekwa motoni na watu wanashuka na watoto wao kula viazi. Watawapungia mikono. Nikiwa sina kazi siku hiyo, na mimi nitakuwa hapo, nimejifunga leso ya manjano.